Honi ya Maganga Ilipokata Sauti Mlimani

Mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu nusunusu: kwa nini nilikwenda Uluguru kwa siku mbili nikarudi baada ya wiki, kucha zimejaa grisi, nikiwa siwezi kupita karibu na lori lililoegeshwa bila kutega sikio. Sasa nawaandikia nyote kwa pamoja, marafiki zangu wa kikundi cha kusoma, ili tukikutana tena tuzungumze mengine.

Nilikwenda kumchukua bibi yangu mzaa mama. Anaishi juu ya Matombo, na macho yake yote mawili yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi katika hospitali moja ya mjini Morogoro, na kambi ilikuwa inafungwa Ijumaa mchana. Huko nyuma bibi alishakataa mara mbili kupasuliwa. Safari hii alikubali, lakini kwa sharti, akalisema mwenyewe kwenye simu ya mama mdogo Tatu, aliyemshika mkono hadi kilimani penye mtandao: “Njoo unichukue wewe. Na mkinikalisha kusubiri gari mpaka woga ukanirudia, msinisumbue tena.” Maneno hayo nilipanda nayo basi, na hayakuniacha nikae sawasawa kwenye kiti.

Msamvu hadi Mafiga

Basi lilinishusha Msamvu Jumanne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha na ilikuwa inajiandaa kunyesha tena. Milima ilijifunika mawingu hadi kiunoni, kama mtu aliyeitwa na wageni kabla hajamaliza kuoga. Magari madogo ya kwenda Matombo yalikuwa yamesimama kwa sababu ya utelezi. Kijana wa bodaboda alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye neno bibi. “Kupanda nitakupeleka, dada,” alisema. “Kushuka na bibi asiyeona, hapana. Mimi nina mama.”

Nikaenda kwa Mzee Rajabali, mfanyabiashara wa viungo mjini, ambaye duka lao limenunua mdalasini wa ukoo wetu tangu enzi za baba yake. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za kila mtu kwa jina, nami nilimjibu huku nimesimama. Hatimaye akanihurumia.

“Lori langu linapanda leo kufuata ndizi na pilipili manga. Nenda Mafiga, mtafute dereva, anaitwa Maganga. Bibi atakaa mbele. Lakini mwambie Maganga, gari lirudi linaendeshwa. Nimechoka kuliona likirudi linavutwa kwa kamba.”

Maganga nilimkuta nje ya chumba chake anafuta vioo vya lori kwa khanga kuukuu. Ni mtu wa makamo, mpana, mwenye sauti ya upole isiyolingana na mwili. Alinitazama miguuni.

“Wewe Mluguru?”

“Kwa mama.”

“Nimejua. Mguu mmoja mfupi, kwa kuzaliwa kwenye mteremko. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Panda mbele, mtani, na ujishikilie. Huku bondeni ardhi imenyooka, usije ukaanguka.”

Kwa wale ambao hamkukulia kwenye utani: Wanyamwezi na Waluguru ni watani, tangu wale wa Tabora walipokuwa wakipita Morogoro na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuchukulia kitu chako, na wewe hukasiriki wala hukitafuti kama polisi; unakikomboa kwa kitu kidogo, mnacheka, yamekwisha. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Kabla hatujaondoka Maganga alinionyesha kitu alichokipenda kuliko lori lenyewe. Ilikuwa honi ya upepo, mabomba matatu yanayong'aa juu ya kebini, na kimashine cha kupulizia upepo kilichofungwa chini yake. Alifungiwa na rafiki yake Sadiki, fundi umeme wa mtaa wa pili. Aliibonyeza mara moja na watoto wa Mafiga wote wakaitikia.

“Huko kwenu,” alisema, “wanawake waliapa safari iliyopita. Walisema nikirudi na kelele hizi wataichukua sauti yake.”

Mafiga hadi Mkuyuni

Bigwa, Kiroka, kisha barabara ikaanza kujisokota. Kila mtaro ulikuwa na maji mekundu yanayokimbia kwenda tulikotoka, na mimi nilikuwa natazama saa kuliko nilivyotazama mandhari, nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mandhari yale ndiyo niliyokuwa nawasimulia ninyi kila tukikutana. Migomba ilikuwa inadondosha maji. Michikichi, mifenesi, kisha ukungu, kisha mtu amesimama ndani ya ukungu na fenesi begani, akasogea, akabaki nyuma. Nilitamani kuandika. Nilitamani zaidi lori liende haraka.

Mkuyuni tulisimama tule. Nilitaka tununue ndizi za kukaanga tuondoke nazo, lakini Maganga alinijibu kwamba dereva hali huku anaendesha, na akaagiza magimbi ya nazi, akala kama mtu anayesali. Wauza ndizi walikuwa wamelizunguka lori. Wengine waliliegemea, mmoja akaweka tenga lake chini ya kebini lisinyeshewe.

Tuliporudi, stata iligonga tu. Tik. Tik. Halafu kimya.

“Betri,” alisema Maganga, akafungua kifuniko, akaminya vichwa vya nyaya, akavigonga kwa spana. “Barabara imelegeza.” Wanaume waliokuwa wanakunywa chai walikuja kusukuma bila kuitwa, lori likawaka, nasi tukaondoka. Nilimuuliza kama kuna shida. Alisema hakuna. Nilimuuliza tena baada ya kona tatu. Alisema, “Mtani, ukiuliza sana gari linasikia.”

Mkuyuni hadi kwa bibi

Barabara ya mwisho kupanda kwetu inaishia kwenye uwanja mdogo karibu na msikiti, ukuta wa udongo mbele na bonde nyuma. Kabla ya uwanja kuna kona kali, na kwenye kona hiyo Maganga alijiweka sawa, akavuta pumzi, akabonyeza honi.

Haikutoka sauti. Akabonyeza tena. Hakuna.

Aliegesha, pua ya lori ikitazama ukuta, na mama mdogo Tatu akatoka kibandani kwake akijifuta mikono. Yeye ni mdogo wake mama, analima mdalasini, anauza chai, na ndiye anayemtunza bibi. Nyuma yake walikuja wanawake wengine.

“Mnyamwezi, karibu,” alisema. “Leo umepanda kimya. Sauti umemwachia nani njiani?”

Maganga aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatabasamu polepole, kama mtu aliyenaswa akakubali mchezo. “Mmeshaichukua,” alisema. “Mmewatuma wenzenu wa Mkuyuni.”

Mama mdogo hakusema ndiyo wala hapana. Alicheka tu, na wenzake wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotugharimu.

Bibi nilimkuta mlangoni amekaa na kifurushi chake cha khanga mapajani. Nikamshika mkono. “Shikamoo bibi.” Alinipapasa uso mzima kama anayepapasa ukuta gizani. “Marahaba. Tunakwenda?” Nikamwambia kesho asubuhi. Hakukiweka chini kifurushi.

Siku ya kukomboa sauti

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, lori lilianza kukoroma.

Sina neno zuri zaidi. Lilikuwa limezimwa, funguo zipo mfukoni mwa Maganga, naye amekaa nasi anakula. Ukatoka mlio chini ya kebini, mzito, wa kuburuta, kama mzee mwenye pumu aliyelala chali. Ukaendelea kidogo, ukakata. Baadaye ukaanza tena. Kuku walikimbia. Nilisimama kwenda kuangalia, Maganga akanishika kiwiko.

“Kaa. Wamenifichia kitu humo. Nikikitafuta nimeshindwa.”

“Kama ni kitu kibovu kweli?”

“Gari lililozimwa halikoromi, dada. Linakoromeshwa.”

Asubuhi ya Jumatano betri zilikuwa zimekufa kabisa. Hata taa ya kwenye dashibodi haikuwaka. Bibi alikuwa ameshaongozwa hadi kwenye lori na kupandishwa kiti cha mbele. Alipoambiwa gari haliwaki alikataa kushuka. “Nikishuka nitabadili nia,” alisema. “Nileteeni uji hapa hapa.” Basi akakaa humo, ameshika kifurushi, anatazama mbele kwa macho yasiyoona ukuta uliokuwa hatua mbili kutoka puani.

Maganga alikwenda kibandani na kuku hai wawili aliowanunua kwa jirani, na kreti ya soda. Aliviweka mbele ya mama mdogo, akapiga magoti kwa madaha.

“Watani, nimeshindwa. Nirudishieni sauti yangu, na betri zangu.”

Laiti ningesema neno pale. Nilikuwa nazunguka lori, naenda, narudi, lakini shughuli ilikuwa nzuri mno kuikatiza, na mimi ni mtu wa hadithi. Shughuli nzuri inanifumba mdomo. Mama mdogo alileta unga na maji kwenye kata, akarashia magurudumu. Wakaimba. Akatoa kizibo cha soda kwenye pindo la khanga yake, akamkabidhi Maganga kwa mikono miwili.

“Sauti yako hii. Usiimeze.”

Na kweli, lori lilikuwa kimya. Kukoroma kulikuwa kumekwisha tangu alfajiri. Kila mtu alilisikiliza, akaridhika. Hakuna aliyefikiri kwamba lilinyamaza kwa sababu halikuwa na umeme wa kukoromea.

Lililobaki lilikuwa kuliwasha. Uwanja ule huwezi kusukuma gari likashika: mbele ukuta, nyuma bonde. Ikabidi kuazima betri mbili za sola, moja ya msikitini na moja ya kinyozi, lakini kinyozi alikuwa ameshuka Matombo na amefunga duka. Tulikula kuku wa Maganga. Walikuwa watamu na sikuwamaliza. Bibi alishuka mara moja tu, kwenda msalani, akarudi juu mwenyewe kwa kupapasa. Usiku alilala pale kitini, mimi nimejikunja pembeni yake.

Kutoka uwanjani

Alhamisi asubuhi kinyozi alirudi. Maganga aliunga betri mbili zile, na waya ulipogusa tu, chini yetu lori likakoroma. Mlio ule ule mzito, wa kuburuta, na sasa una nguvu.

Maganga alishuka akamtazama mama mdogo. Uso wake haukuwa wa utani tena.

“Tatu. Nimekomboa. Sheria ni sheria.”

 Mama mdogo alitazama juu, kwenye kioo, alikokuwa amekaa mama yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, “Mimi sijachukua kitu, Maganga. Hakuna aliyechukua. Wewe ulikuja na kuku mkononi, unaniomba. Mtani akileta kuku, nimkatalie?”

“Siku nzima?”

“Nilijua ni betri tu. Nilijua mtaondoka jioni.”

Niliwahi kuandika hasira katika hadithi zangu. Nikawa nadhani naifahamu. Nilitaka kumpigia kelele mama yangu mdogo mbele ya watu. Aliyeniwahi ni bibi, kutoka juu, bila kugeuza kichwa: “Tatu, unachukua ukombozi wa kitu usichoiba, huo ni wizi mara mbili. Mnyamwezi, nawe umelipa bila kuuliza. Mtagombana nikishafika mjini.”

Mtandao wa simu kwetu unapatikana juu ya kilima cha shule tu. Nikawa mjumbe. Nilipanda mbio, nikampigia Sadiki, yule fundi wa Mafiga, kwa namba aliyonipa Maganga, nikamweleza.

“Altaneta haichaji betri,” alisema kabla sijamaliza.

“Linakoroma likiwa limezimwa.”

“Likiwa limezimwa?” Nikamsikia akiweka chombo chini. “Basi kuna kitu kinakula umeme. Sikiliza. Mwambie atoe waya wa hasi kwenye betri. Achukue balbu ya indiketa, aiweke katikati ya waya na betri. Ikiwaka, umeme unapita. Mchomoe fyuzi mojamoja. Ile ambayo ukiichomoa balbu inazima, hapo ndipo penye mwizi.”

Niliteremka nikirudia maneno hayo kama mtoto aliyetumwa dukani. Maganga alifungua taa ya indiketa, akatoa balbu, tukaishikilia kwa nyaya mbili, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, chini ya miguu ya bibi. Haikuwaka. Tukasubiri. Haikuwaka. Nikapanda tena mbio kumwambia Sadiki hakuna kinachokula umeme.

“Basi ni betri zenyewe zimekufa,” alisema. “Pole.”

Nilisimama pale kilimani, mapafu yanawaka, ukungu unapita miguuni, na chini kabisa niliona lori kama kibiriti na ndani yake nukta ya khanga nyekundu. Nikafikiria Ijumaa mchana. Halafu nikaona Maganga anapunga mikono, yote miwili, kama mtu anayezama.

Nilipofika, balbu ilikuwa inawaka. “Imejiwasha yenyewe,” alisema. “Na mlio hakuna.” Tulielewa wote kwa pamoja: kile kitu hakili muda wote. Kinakula, kinapumzika, kinakula. Na sasa umeme uliokuwa unakikoromesha ulikuwa umebanwa kwenye mwanga ule mdogo mkononi mwangu. Sijawahi kushika kitu kidogo kwa uangalifu kiasi kile.

Tulichomoa fyuzi. Mama mdogo alizipokea kwenye sahani ya bati, akizipanga kwa mpangilio ule ule. Moja, balbu inawaka. Nyingine, inawaka. Tulizimaliza zote. Sahani ilijaa, na balbu bado inawaka.

“Haiwezekani,” alisema Maganga. “Hakuna waya usiopita kwenye fyuzi.”

“Hakuna kabisa?”

 Maganga akalala chali kwenye matope, akaingia chini ya kebini, na kwa muda nikasikia pumzi zake tu. Alipotoka alikuwa ameshika mpira mwembamba wa upepo, umechomoka, mdomo wazi.

Ilikuwa honi. Sadiki alivuta waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, umezungushiwa gundi nyeusi, bila kupita kwenye fyuzi yoyote. Maji ya barabarani yaliingia kwenye rilei, kile kisanduku kidogo kinachoamuru kimashine kiwake, kikawa kinashika chenyewe na kuachia chenyewe. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye mashimo ya Kiroka au ya Mkuyuni, nani ajuaye. Kwa hiyo kimashine kilipuliza upepo hewani, hakuna honi, ni kukoroma tu, na injini ikiwa inanguruma hakuna aliyekisikia.

“Kata waya,” nilisema.

Maganga alishika koleo. Hakukata. “Nikiurudishia mpira na kukausha rilei...”

“Maganga.” Ni mama mdogo, mara ya kwanza kusema tangu asubuhi. “Kata. Nitakununulia ngoma.”

Akakata. Balbu ikazima mkononi mwangu.

Betri za sola zilikuwa zimechoka, haziwezi tena kuzungusha stata, kwa hiyo tulifanya tuliloliogopa jana: wanaume, wanawake, mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake walikuja kuligeuza lori lile kwa mikono, kidogo mbele, kidogo nyuma, jiwe gurudumuni, tena. Mama mdogo alisukuma bega kwa bega na Maganga, na kwa kuwa mtu akisukuma lori hawezi kununa, waliporudi kutukanana nilijua wamepatana. “Sukuma, mchukuzi. Babu zako walibeba meno ya tembo, wewe unahema.” “Nahema kwa sababu nakubeba na wewe.” Pua ikatazama mteremko. Maganga akapanda, akaachia breki, lori likaporomoka, likajikwaa, likawaka.

Kushuka hadi hospitali

Tulishuka bila ndizi hata moja. Maganga alisema atamweleza Mzee Rajabali mwenyewe, na ni kweli alimweleza, na mzee alinuna kutwa moja. Hatukuzima injini Matombo, wala Mkuyuni. Bibi alikaa katikati yetu. Kwenye kila kona mkono wake ulitafuta goti langu, ukalibana, ukaliacha. Hakusema anaogopa. Aliuliza tu, “Hapa ni wapi?” nami nilimtajia, Kiroka, Bigwa, na kila jina alilirudia kwa midomo kama anayehesabu shanga.

Tulifika hospitali Alhamisi jioni, ofisi ikifungwa. Muuguzi aliyekuwa anavaa koti lake alimtazama bibi, akatazama matope yetu, akavua koti. Ijumaa bibi alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Daktari alisema muda unatosha jicho moja tu. La pili lingoje kambi nyingine. Nilianza kulalamika. Bibi akanigonga mkono. “Moja. Si nilikuwa na sifuri.”

Jumamosi muuguzi alifungua bandeji. Maganga alikuja na machungwa, akasimama mlangoni ameshika kofia. Bibi alipepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Akamkazia macho mtu yule mpana aliyesimama mlangoni.

“Huyo ndiye Maganga?”

“Ndiye mimi, bibi. Shikamoo.”

Alimtazama kwa muda mrefu mno. “Marahaba. Mngenionyesha picha kwanza,” alisema. “Ningebaki na giza langu.”

Chumba kizima kilicheka, wagonjwa na bandeji zao. Maganga alicheka mpaka chungwa likamdondoka, na akiwa ameinama kulifuata nilimwona anajifuta uso kwa kofia.

Kisha bibi akanigeukia. Mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule. Nilijitayarisha kwa tusi.

“Kumbe umeshakuwa mtu mzima,” alisema. “Mbona hukuniambia?”

 Nilivuta kiti, nikakaa, nikamwacha anitazame.